Meno ya Bata

Shimo lilikuwa tupu, na Mama Agustina alikuwa amesimama ukingoni mwake akiwa bado amejifunga kitenge cha msibani. Hakuwa ameingia ndani ya nyumba. Hakuwa ametua hata mfuko wake wa safari. Alikuwa anatoka Machochwe kumzika dada yake, amepanda magari mawili na kumalizia njia kwa miguu, na kitu cha kwanza alichokwenda kukitazama nyumbani kwake hakikuwa mimi. Kilikuwa mavi ya bata.

Mimi nilisimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Nilikuwa nimeandaa uongo, tena uongo mzuri, wa wezi waliokuja na viroba tukiwa hatuna mwanamume wa kutulinda. Lakini hakugeuka kuniuliza. Alichuchumaa taratibu, akachota udongo wa chini kabisa ya shimo, akaunusa, akajifuta mkono kwenye nyasi. Kisha akasimama akaenda zake ndani, na uongo wangu ukanibaki mdomoni.

Hiyo ilikuwa alasiri ya mwanzo wa Juni, mwaka wa tisini na tatu, hapa Nyakunguru. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na nilikuwa mke wake.

Kwetu Wakurya hilo halimshtui mtu, ila mgeni hutaka kuelezwa. Mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, na mumewe amekwisha kufa, anaweza kutoa ng'ombe wake akaoa msichana. Tunaita nyumba ntobhu. Msichana anaingia kama mke, analima, anapika, anatafutiwa mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wanaopatikana ni wa nyumba ile, wanabeba jina la mzee aliyekwisha lala. Mama Agustina alitoa ng'ombe wake wote. Nasema wote, hadi ndama. Waliswagwa wakavuka Mto Mara mpaka kwetu Busawe, baba yangu mdogo akawapokea na kuwasifia pembe, na mimi nikavukishwa kuja upande huu.

Mwanamume aliyechaguliwa alikuwa Nyangwine, mtu wa ukoo wa marehemu, mpole, mwenye wake wawili wa kwake. Mwaka wa kwanza alikuja mara chache, na hakuna kilichoshika. Kisha habari za dhahabu zikapamba moto, naye akaenda kuchimba, na tangu hapo akapoteza hamu ya kila kitu kisicho jiwe. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anapita njiani na sururu begani. Alinisalimia vizuri sana, jinsi unavyomsalimia mtu mliyewahi kupanga naye nyumba moja zamani.

Watu walikuwa wengi siku hizo. Walitoka Geita, walitoka Kahama, walitoka Kenya, wakajaza vibanda vya turubai mpaka karibu na migomba yetu. Mchana kutwa ulisikia mawe yakitwangwa. Nilizungukwa na watu kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yangu, na kulikuwa na siku ambazo sikutamka maneno kumi. Mama Agustina hakuwa mkali. Hakunipiga, hakunitukana, hakuninyima chakula. Alikuwa tu mtu aliyekaa peke yake muda mrefu mno, akasahau kwamba mdomo una kazi nyingine zaidi ya kula. Asubuhi aliniambia, "Bata wametoka?" Nami nilijibu, "Wametoka." Jioni, "Wameingia?" "Wameingia." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya ndoa yetu.

Nao bata hawakusaidia. Walikuwa kumi na wanne, wale wakubwa wenye manundu mekundu usoni. Bata wa aina hiyo halii. Jike ananung'unika chini chini, dume anahema tu kama mzee mwenye pumu. Ungedhani boma lenye bata kumi na wanne litakuwa na kelele, kumbe unaweza kukaa nao siku nzima ukasikia miguu yao tu ikipiga ardhi.

Kuokota mavi ya bata wanaojitembelea si kazi ya kijinga, ingawa nilipoianza nilidhani hivyo. Kuku unamfungia, unakwangua banda. Mbuzi anaacha punje kavu, unafagia. Bata anaharisha maisha yake yote, tena anaharisha akitembea, na ukisema umfuate nyuma utachoka uambulie tope. Mama Agustina alinifundisha siku ya pili baada ya kufika kwangu, na naamini ndiyo siku aliyoongea sana kuliko zote za mwaka ule.

"Bata humpangii pa kwenda," alisema. "Unampangia maji."

Maana yake ni kwamba bata akishakunywa haendi hatua nyingi kabla hajajisaidia. Basi unaweka karai la maji chini ya migomba, unalizungushia maganda ya ulezi na majani makavu, unakwenda kushika kazi nyingine. Baada ya siku mbili unakunja matandiko yote, unatia shimoni. Jioni unatandika vivyo hivyo chini ya ghala, mahali wanapolala. Kilichodondoka njiani ndicho unachokifuata na kipande cha kibuyu na jembe lililokwisha, unakikwangua pamoja na udongo kidogo. Shimoni unapanga tabaka juu ya tabaka, unafunika majani ya mgomba mvua isiingie. Jivu alilikataza kabisa. Alisema linaiua nguvu.

Shimo lilichukua mwaka mzima kujaa. Mwezi wa sita, mvua zikikatika, tulilifungua tukabeba mbolea hadi bustani ya bondeni na kupanda kabichi, vitunguu na sukuma wiki. Samadi ya ng'ombe hatukuwa nayo tena, kwa sababu ng'ombe walikuwa wamekwenda Busawe kwa ajili yangu. Bustani ndiyo iliyobaki. Tulikula kutoka pale na kuvaa kutoka pale, na udongo wa pale bila mbolea ulikuwa umechoka, hauoti hata mchicha wa maana.

Mwaka wa pili wachimbaji walifungua mwalo juu kidogo ya bustani yetu. Mwalo ni mahali pa kuoshea. Mawe yakishatwangwa yakawa unga, wanaumwagia maji juu ya ubao ulioinamishwa na kutandikwa gunia. Kilicho kizito kinanasa kwenye gunia, tope linateremka bwawani. Mwenye mwalo ule alikuwa Mwikwabe, mcheshi mmoja mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio kilima cha pili. Bwawa halikumaliza hata wiki kabla bata wetu hawajaligundua. Kila asubuhi walitoka kwa mstari, dume mbele, wakateremka bondeni na kutumbukiza midomo kwenye tope la watu. Nusu ya mbolea yetu ikawa inamwagwa njiani, nami nikawa nawafuata na kibuyu changu.

Ndivyo nilivyokutana na Oduol, nikiwa nimeinama nyuma ya makalio ya bata. Sijui kama kuna mwanamke mwingine aliyewahi kutongozwa katika hali hiyo.

"Hii unaokotanga ni ya nini?" aliuliza.

"Ya kabichi."

"Zile kabichi tunanunuanga hapa?"

"Hizo hizo."

Alifikiri kidogo, kisha akacheka, na mimi nikacheka, na nikashangaa kuisikia sauti yangu ilivyo. Oduol alikuwa Mjaluo kutoka Migori, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kwa kukaa shimoni. Yeye na wenzake walikuwa na duara, ndivyo wanavyoita shimo la kuchimbia, lenye maji mengi kuliko mawe. Alikuwa na mwaka mzima hajaona kitu. Kuanzia siku ile aliniita nyar Busawe, yaani binti wa Busawe kwa lugha yao, na kila tulipokutana aliniuliza jambo. Nimelalaje. Nimekula nini. Kwetu kuna mlima au ni tambarare. Nikicheka nafikiria nini. Sitaficha, nilimpenda kwa maswali yake. Mengine yalifuata, kama yanavyofuata, na Mama Agustina nadhani aliona na hakusema, kwa sababu mila haikumkataza mke wake kuwa na mtu.

Pasaka ya mwaka wa tisini na tatu lile dume kubwa liliteguka mguu kwenye mawe, tukalichinja. Firigisi ilikuwa kazi yangu. Unaipasua, unamwaga changarawe iliyomo, unabandua ngozi ya ndani. Katika changarawe ile niliona punje ya njano, ndogo kuliko ulezi. Niliisuuza, nikaitia kwenye kiberiti kitupu, nikakificha kwenye paa la jiko. Mama Agustina alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ananyonyoa. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini sikumwonyesha. Haikuwa tamaa. Ni kwamba hatukuwa na desturi ya kuonyeshana vitu.

Nilimwonyesha Oduol. Aliiweka juu ya chuma cha sururu, akaigonga na jiwe. Haikuvunjika, ililala tu ikawa bapa. Akakaa chini.

"Huyu mmoja alikuwa na hii kwa tumbo," alisema polepole. "Na hao wengine? Wanakula hapa kila siku tangu mwaka jana. Ile yote wamekula imeenda wapi?"

Yeye mwenyewe aligeuza uso kuelekea kwetu, akatazama juu kwenye migomba.

"Nyar Busawe, nyinyi mmelalia mali. Iko kwa hiyo shimo yenu."

Unaweza kutucheka, na mimi siku hizi nacheka. Lakini ungekuwepo Nyakunguru mwaka ule ungeamini. Watu walifagia sakafu za vibanda vya kutwangia mawe wakaosha vumbi. Nilimwona mtu mzima akivua shati lake la kazi na kulikung'utia juu ya ubao, akalisuuza, akakaza macho kwenye gunia. Kuosha mavi ya bata kulikuwa hatua moja tu mbele. Na Oduol hakuwa tapeli. Tapeli asingebeba viroba mwenyewe mpaka mgongo ukachubuka. Alikuwa mtu aliyechimba mwaka mzima bure, akahitaji mahali pa kuweka imani yake.

Alisema tukipata tutakwenda Migori, atanipeleka kwa mama yake, atanijengea nyumba ya bati. Bati sikulijali, wala dhahabu yenyewe. Nilichotaka ni nyumba ambayo mtu akiingia ndani anasema neno. Kwa ajili ya hilo ningeosha hata udongo wa makaburini.

Mwisho wa Mei habari ikaja kutoka Machochwe kwamba dada yake Mama Agustina amefariki. Alifunga mfuko wake asubuhi hiyo hiyo. Akiwa mlangoni akaniambia, "Shimo limeiva. Nikirudi tunafungua." Nikamjibu, "Sawa, Mama." Nilimsindikiza hadi njia kuu nikiwa nimemshikia mfuko, na nikamtakia safari njema bila kusita, jambo ambalo linanisumbua mpaka leo.

Tulibeba siku mbili, kiroba baada ya kiroba. Mbolea ilikuwa nyeusi, laini, imeiva vizuri, haina hata harufu mbaya. Mwaka mzima wa mgongo wa mama mzee na wa kwangu. Mwikwabe alitusubiri pale kwenye ubao wake, mikono kiunoni.

"Wewe mura," alimwambia Oduol, maana hivyo ndivyo tunavyomwita kijana, "hayo ni nini?"

"Marudio," alijibu Oduol. Marudio ni mchanga uliokwisha oshwa mara moja, unaooshwa tena kwa matumaini.

Mwikwabe akachota kidogo, akanusa. "Marudio haya yamerudi kutoka wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini karibu na ubao wa kuoshea kicheko hakidumu, kwa sababu kila mmoja anaogopa mwenzake asije akapata kweli. Maji yalipoanza kumwagwa walinyamaza wakasogea. Maganda ya ulezi yalielea yakateremka, maji yakawa ya kijani kibichi halafu meusi, na kile tulichokikusanya kwa kibuyu na kipande cha jembe kikaingia bwawani chote. Bata wetu walikuwepo. Waliogelea katikati ya mbolea yao wenyewe, wakitumbukiza midomo.

Jioni jua likiwa bado juu ya kilima, Oduol alikung'uta gunia kwenye karai, akatia zebaki, akaikanda kwa vidole. Zebaki ndiyo inayoikamata dhahabu. Akaikamua kwenye kitambaa, na zebaki ikatoka yote kama ilivyoingia, ndani ya kitambaa hakukubaki kitu. Alijua maana yake. Hata hivyo aliyachukua mabaki yasiyokuwepo, akayaweka kwenye kijiko, akayachoma juu ya moto wa mkaa, akasubiri. Kijiko kikawa cheusi. Akakitazama muda mrefu, halafu akaanza kulia mbele ya watu wote, bila kujiziba uso. Nilitaka kumshika bega, lakini watu walikuwa wengi, nami nilikuwa mke wa mtu. Mwikwabe hakucheka. Alichukua ndoo akausuuza ubao wake.

"Nenda nyumbani, dada," aliniambia. "Mama anarudi kesho."

Na kesho yake ndipo Mama Agustina aliposimama ukingoni mwa shimo na kitenge chake cha msibani.

Hakuniambia kitu siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Hata lile la bata wametoka, wameingia, aliliacha. Nilijua kwamba amekwisha ambiwa, kwa maana Nyakunguru haikosi wa kupeleka habari. Asubuhi ya pili nilimwona akiteremka bondeni peke yake na ndoo. Alichota tope la kandokando ya bwawa, akalinusa, akalimwaga. Alipopita karibu nami akasema, kwa upepo zaidi kuliko kwangu, "Limeshaingia dawa yao, hiyo zebaki." Kisha akatafuta makarai matatu zaidi, akayapanga chini ya migomba, akaanza kuyajaza maji ya kisimani, yeye mwenyewe, na miaka yake sitini na kitu, ili bata wasiwe na haja ya kwenda bwawani. Nilijaribu kumpokea ndoo. Hakuniachia.

Siku ya nne alikuwa ameinama, anatandika maganda kuzunguka karai. Aliongea bila kuinua kichwa.

"Mlipata?"

"Hatukupata, Mama."

"Mngepata wapi." Akasawazisha maganda kwa kiganja. "Bata hana meno. Jiwe la firigisini ndilo jino lake. Likiwa zito analishika, halitoki. Bata gani atakunya meno yake?"

Nilisogeza maganda karibu naye.

"Najua bata tangu nikiwa msichana," akasema. "Ungeniuliza."

Hapo ndipo ilinipasa kupiga magoti na kuomba msamaha, na nilikuwa nimejiandaa kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Badala yake nikasikia kinywa changu kikisema kitu kingine.

"Na wewe, Mama, uliniuliza?"

Mikono yake ikasimama juu ya maganda. Alijua kwamba sisemi habari za bata. Nilimwona akivuka Mto Mara kichwani mwake, akarudi Busawe, akawatazama watu wote waliokuwepo siku ile: baba mdogo, wazee wa pande mbili, washenga, waswaga ng'ombe. Walikuwa wengi na wote waliulizwa jambo. Akainuka kwa kujishika goti, akaenda ndani, akaacha karai nusu limetandikwa. Nililimalizia mimi.

Kesho yake niliteremka mwaloni. Oduol hakuwepo. Mwikwabe aliniambia ameondoka alfajiri kuelekea Sirari, hata sururu ameiacha.

"Hakusema kitu?"

"Alisema mama amsamehe."

"Na mimi?"

Mwikwabe akatazama ubao wake. "Alikuwa na aibu, dada," akasema. Simkasirikii Oduol. Najua uzito wa kile kijiko. Lakini nilisimama pale nikingoja Mwikwabe akumbuke salamu nyingine, na hakukumbuka.

Kiangazi kile kabichi zilifunga kichwa cha ukubwa wa ngumi, kisha zikakoma. Tulikula muhogo na mboga za kuokota. Mama Agustina alikonda, nami nikakonda kila mahali isipokuwa tumboni. Yeye aliona kabla sijamwambia. Alikuwa amepokea watoto wengi wa vijiji hivi kwa mikono yake. Kwa mila, mimba ile ilikuwa yake. Ndicho kitu alichokitolea ng'ombe wote mpaka ndama, na hakuna mtu duniani ambaye angeuliza imetoka kwa nani. Kilichotakiwa ni yeye kunyamaza tu, na kunyamaza hakuna aliyekuweza kama yeye.

Ilikuwa asubuhi, mwezi wa nane, nakunja matandiko ya chini ya ghala. Akaja akakaa juu ya jiwe mbele yangu. Kwa kawaida aliniita mkamwana, si kwa jina langu.

"Elieth," akasema.

"Abee, Mama."

"Sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Unataka kukaa hapa, au unataka kwenda?"

Niliacha kukunja.

"Ukienda, nenda na mtoto wako," akasema. "Ng'ombe waliokwenda Busawe wamekwenda, sitawafuata." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini alikuwa ameshika kidole gumba cha mkono mmoja kwa mkono mwingine, amekibana.

Miaka miwili nilikuwa nimetamani mtu wa nyumba ile aniulize kitu, na swali lilipokuja likanikuta sina kwa kwenda. Oduol alikuwa amepotelea ng'ambo. Baba mdogo angenirudisha kabla sijakaa. Ningesema nakaa, ingekuwa ni kwa sababu njia zote zimefungwa, na sikutaka kumdanganya tena. Nilitaka kulia na sikulia.

"Sijui, Mama."

Akalifikiria jibu hilo kwa haki, akiwatazama bata.

"Basi kaa mpaka ujue," akasema, akainuka.

Mogesi alizaliwa mwezi wa pili. Msichana. Mvulana wa kubeba jina la mzee hakuja, wala baada ya hapo sikupata mwingine. Mama Agustina alimpokea kwa mikono yake, akamgeuza huku na huku, akasema, "Ana mabega." Alimbeba mgongoni miaka miwili akiokota naye mavi ya bata, na kama alisikitika, alisikitikia mahali ambapo sikuwepo.

Mwezi wa sita uliofuata, shimo lilikuwa limejaa tena. Tulitoa majani ya juu, na kabla hatujaingiza jembe, akanigeukia.

"Umejua?"

Ilinichukua muda kidogo kuelewa. "Bado, Mama."

"Haya," akasema, tukaanza kubeba.

Akaniuliza mwaka uliofuata, na mwaka uliofuata huo. Kila mwezi wa sita, ukingoni mwa shimo, mara moja tu. "Umejua?" "Bado." "Haya." Mwaka wa tano nilijibu nikitabasamu. Mwaka wa kumi alitabasamu yeye akiuliza. Mwalo ule ulikufa, vibanda vikahamia upande mwingine, mitambo mikubwa ikaja kilima cha pili na vumbi lake, majirani wengi wakauza na kuondoka, hata tukabaki nyumba mbili upande wetu wote. Mogesi alikua, akaenda shule ya bweni Tarime mjini. Siku nyingi bado zilipita kimya. Ila ilikuwepo siku moja katika mwaka niliyoulizwa swali, na mtu aliyeuliza akanyamaza kusubiri.

Nilikwisha jua zamani, kama mwaka wa tatu hivi. Nilijua siku moja nikitwanga, bila sababu yoyote, kwamba ningeshikwa mkono nikapelekwa Migori kwenye nyumba ya bati ningekataa. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikishajibu hataniuliza tena. Nikaweka jibu langu akiba, mwaka hadi mwaka, nikijiambia kwamba nitalitoa nikiona amechoka kuuliza.

Mwaka wa elfu mbili na kumi, mvua za masika zikiisha, akili yake ilianza kupotea njia. Alimwita Mogesi kwa jina la dada yake wa Machochwe. Aliuliza kama ng'ombe wamerudi. Nikasema moyoni kwamba mwaka huu nitajibu, sitangoja.

Siku ya kufungua shimo nilimshika mkono, nikampeleka taratibu, nikamkalisha kwenye kigoda ukingoni, mahali penye kivuli cha migomba. Nilitoa majani ya juu moja moja. Nikasimama na jembe, nikamtazama, nikasubiri. Bata walikuwa wanakunywa kwenye karai nyuma yetu. Alikuwa akinitazama kwa upole mwingi, upole ambao hakuwahi kunitazama nao, jinsi mtu mwenye adabu anavyomtazama asiyemjua.

"Wewe mama," akasema, "ni wa wapi?"

"Wa hapa," nikamjibu. Nikamsogelea, nikarudia. "Ni wa hapa hapa, Mama. Ninakaa."

Akatikisa kichwa kukubali. Akazungusha macho kwenye migomba, kwenye ghala, kwenye bustani kule bondeni.

"Pazuri," akasema. "Mimi napita tu."

Nikainama, nikaanza kupakua mbolea.